Njia Inayoishia kwa Mtu: Kisa cha Ekari Nane Pembezoni mwa Arusha

Ukiwa mgeni upande wetu wa Moshono, ukamwuliza mtu kama njia fulani inatokea barabara ya chini, mara nyingi utajibiwa: "Haitokei hiyo, inaishia kwa mtu." Mwenye kukujibu hana haraka wala ubaya. Anakuonyesha kwa kidole ulikotoka, nawe unageuza.

Kisa ninachokichambua ni cha ekari nane tu, shamba moja la zamani ambalo leo lina kaya 52. Nilikuwa katibu wa kamati ya urasimishaji ya mtaa wetu, yaani ya kupima na kuhalalisha viwanja vilivyojengwa bila mpango, kwa hiyo nimeingia karibu kila ua wa eneo hilo, nimesoma karatasi za mauziano na nimeshika ncha ya futi kamba kwenye mipaka mingi. Mtaa sitautaja, wala majirani sitawataja majina. Ni watu ninaozikana nao. Ila nataka kisa kijulikane, kwa sababu kando ya jiji hili kuna mashamba mengine mengi yanayokatwa viwanja sasa hivi, na yanakatwa kwa mtindo uleule.

Shamba lilivyokuwa

Juu lilipakana na barabara ya vifodi, magari yetu madogo ya abiria, inayoelekea Kijenge na mjini. Chini lilipakana na barabara ya vumbi yenye shule ya msingi na zahanati. Upana wake ni mita 120, na kutoka barabara ya juu hadi ya chini ni mita 270. Kulia na kushoto kulikuwa na mashamba ya watu wengine, na baada ya mashamba hayo, makorongo.

Mzee mwenye shamba alilirithi kwa baba yake, juu kukiwa na migomba na kahawa, chini mahindi na maharage. Katikati kilipita kijia cha miguu kutoka barabara moja hadi nyingine. Ng'ombe walikifuata kwenda kunywa, watoto walikifuata kwenda shule, na wamama waliokuwa wakipeleka ndizi gulioni walikifuata pia. Hakikuwa na jina, na hakikuchorwa popote. Nakisisitiza kijia hiki kwa sababu watu wengi wanadhani kwamba kabla ya mji kufika hapakuwa na barabara. Njia ilikuwepo, tena ilitokea pande zote mbili. Mji ulipofika ndipo ilipofungwa.

Mzee alianza kuuza kwa ajili ya ada. Nusu ekari ilikwenda kwa mwalimu, kando ya barabara ya juu. Zikahesabiwa hatua, mashahidi wakatia sahihi mbele ya mwenyekiti. Baadaye robo ekari kwa matibabu. Alipofariki, kilichobaki kiligawanywa kwa wanawe wawili: mkubwa akachukua nusu ya juu, mdogo nusu ya chini. Mabinti hawakupewa kitu, na hilo lina kisa chake, kirefu na cha uchungu kuliko hiki.

Hapo ndipo kijia kilipokufa, ingawa hakuna aliyekusudia kukiua. Kaka mkubwa aliuza kuanzia barabara ya juu akiingia ndani. Mdogo aliuza kuanzia barabara ya chini akipanda. Kila mmoja alimwachia mnunuzi wake njia ya kufika kwenye kiwanja, na njia hiyo ilikoma pale kiwanja cha mwisho kilipokoma, yaani kwenye mpaka wa urithi. Ng'ambo ya mpaka ni mali ya ndugu, na ndugu hawakuwa wakisalimiana. Mpaka uliokuwa wa kugawana mahindi ukawa mpaka wa kuzuia watu kutembea.

Anayeuza kwa hatua haoni njia kama kitu alichonacho. Anaiona kama kitu anachokatwa. Mita tatu za njia ni mita tatu ambazo hazilipwi na mtu yeyote, kwa hiyo anaacha kidogo iwezekanavyo, kiasi cha kumfikisha mnunuzi getini. Mnunuzi naye anauliza, "Gari inafika?" Akiambiwa inafika, ameridhika. Sijawahi kuona karatasi ya mauziano ambamo mtu aliuliza njia inaendelea kwenda wapi baada ya geti lake. Na yule wa mwisho kabisa hana sababu ya kuacha nafasi mbele yake. Anasogeza geti mbele, na kipande cha mwisho cha njia kinaingia uani kwake. Kwenye ekari nane hizi nimekuta mageti manne ya namna hiyo, kila moja mwishoni mwa njia kuu.

Nilichohesabu

Nilipoanza kazi ya kamati sikuwa na maneno ya kueleza tatizo. Wote tulisema "njia ni finyu", na tukaamini ugonjwa ni upana. Siku moja nilikaa na mchoro wa eneo nikahesabu kwa penseli.

Kuna njia kuu nne: mbili zinashuka kutoka barabara ya juu, mbili zinapanda kutoka ya chini. Kila moja ina urefu wa mita 115 hivi. Tatu kati yake zina tawi dogo la mita 20. Jumla ni mita 520. Upana, ukipima penye nafasi, ni mita tatu.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, lile lenye makao makuu Nairobi, linapendekeza mji uwe na angalau kilomita 18 za mitaa kwa kila kilomita moja ya mraba, na mitaa hiyo ichukue angalau asilimia 30 ya ardhi. Nikakokotoa. Ekari nane ni kama mita za mraba 32,400. Kwa kipimo hicho tungehitaji mita 583 za njia. Tunazo 520. Nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea. Kwa urefu, tulikaribia kabisa kiwango cha dunia! Kwa eneo hatukukaribia hata kidogo: mita 520 kwa upana wa mita tatu ni mita za mraba 1,560, chini ya asilimia tano ya shamba. Lakini hata upana haukueleza kwa nini watoto wanachelewa shule.

Kinachoeleza ni hesabu nyingine. Chukua kila mahali njia zinapokutana, na kila mahali njia inapokoma, kisha hesabu miguu inayotoka pale. Njia panda kamili ina miguu minne. Njia inayojishikiza kwenye nyingine inafanya makutano ya miguu mitatu. Mwisho wa njia una mguu mmoja. Sisi tulikuwa na makutano saba ya miguu mitatu na miisho saba ya mguu mmoja. Miguu 28 kwa vituo 14, wastani ni 2. Njia panda kamili, hata moja, hatukuwa nayo. Nenda Kaloleni au Levolosi, kule mjini, ufanye hesabu hiyohiyo: mitaa inakatana kwa safu, wastani unapanda juu ya tatu, na mtu akikuta mtaa mmoja umezibwa na turubai la harusi anakunja mtaa unaofuata bila hata kupunguza mwendo.

Umbo letu ni la mti: shina, matawi, ncha. Kwenye mti, kutoka ncha moja kwenda nyingine kuna njia moja tu. Ukiikata, umekwisha.

Nikapima kitu cha mwisho, na hiki nilikipima kwa miguu yangu. Ncha ya njia moja ya juu na ncha ya njia iliyo chini yake zimeachana kwa mita 40, viwanja viwili vilivyopeana migongo. Ukisimama kwenye ncha ya juu unasikia redio ya upande wa chini. Ili ufike huko kwa halali, unapanda mita 115, unafuata barabara ya juu mita 600 hadi kona, unashuka 270, unarudi 600, kisha unapanda njia ya chini 115. Mita 1,700 kwa safari ya mita 40. Ni zaidi ya mara 42.

Si kwetu tu

Wataalamu wawili, Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball, wamefanya hesabu ya aina hii kwa upana mkubwa. Mwaka 2015 walichapisha ya Marekani: kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 mitaa mipya ilizidi kukosa muunganiko, hali ikafika kilele karibu mwaka 1994, kisha ikaanza kurudi nyuma. Mwaka 2020 wakachapisha ya dunia nzima, wakitumia ramani huria ya OpenStreetMap na picha za setilaiti, na wakaonyesha kwamba tangu 1975 mitaa inayoongezwa katika sehemu kubwa ya dunia imezidi kuwa ya kuishia njiani.

Kuna tofauti ninayoiona kubwa kati yao na sisi. Marekani njia zisizotoka zilipangwa. Katika miaka ya 1930 wakala wa serikali uliokuwa ukiwekea bima mikopo ya nyumba uliwashauri wajenzi waache mitaa ya miraba, wachore mitaa ya kupinda na ya kuishia, ili magari ya wapita njia yasisumbue wakazi. Mtu alikaa mezani akaamua. Hapa kwetu hakuna aliyeamua. Umbo lilelile limetokana na ada, matibabu, urithi na ugomvi wa ndugu. Ndiyo maana huwezi kumpata wa kumlaumu, na ndiyo maana linaenea bila kelele.

Linaenea kwa kasi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ya 2022 ikahesabu 617,631. Ni ongezeko la watu zaidi ya 201,000 kwa miaka kumi, wastani wa watu 55 kila siku, na wengi hawakuongezeka Kaloleni. Waliongezeka Muriet, Olasiti, Moshono, kwenye mashamba. Katika miaka hiyohiyo zilijengwa barabara kubwa za kujivunia: njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, na barabara ya mchepuo ya kilomita 42.4 inayozunguka jiji. Nazifurahia, nazipita. Lakini barabara kubwa ni mto, na mto unahitaji vijito. Mito yetu halisi, Themi, Naura, Kijenge, inashuka kutoka Meru kuelekea kusini na kulikata jiji vipande virefu vilivyosimama wima, hivyo kwenda mashariki na magharibi kunategemea madaraja machache. Sisi wa Moshono tunajua maana yake kila asubuhi pale Kijenge. Ukiongeza juu ya hapo mitaa yenye umbo la mti, kila safari, hata ya kwenda kununua chumvi, inalazimika kwanza kwenda barabara kubwa. Foleni ya Kijenge inaanzia kwenye geti la mtu fulani lililomeza kijia.

Tundu, ukuta na ngazi

Kwa miaka mingi watoto walijitatulia. Kwenye kona ya viwanja vile viwili vilivyopeana migongo palikuwa na uzio wa minyaa, na kwenye minyaa palikuwa na tundu. Watoto wa juu walipenya, wakafika shule kwa dakika chache, kola ikiwa na utomvu. Mafundi walipenya, wauza mboga walipenya, waumini walipenya Jumapili na viatu mkononi. Tundu hilo ndilo lililokuwa barabara yetu, ingawa kwenye mchoro wowote utakaouona hapakuwa na kitu.

Siku moja mwenye kiwanja cha juu upande wa kulia, dereva mstaafu, aliibiwa pampu ya maji, na mwizi alitokea tundu lile. Ndani ya wiki mbili akajenga ukuta wa tofali za bloku. Alikuwa na haki. Na majirani kadhaa wa njia yake walifurahi, kwa sababu njia isiyotoka ina utulivu wake: watoto wadogo wanacheza katikati bila kuogopa boda, mgeni akiingia anajulikana mara moja. Sitaki kulidharau jambo hili. Watu wanaotetea njia iliyofungwa wanatetea kitu cha kweli.

Kamati ilikwenda kumwona mara tatu. Mara zote alitukaribisha chai, akatusikiliza, akatukatalia kwa adabu.

Kisha masika. Kalavati iliyo mdomoni mwa njia yao ya juu ilikatika chini ya tipa lililobeba kokoto, na tipa likazama pale, limeziba mita zote tatu. Kaya 16 zilikuwa nyuma yake. Boza la maji halikuweza kuingia, wenye magari wakayaacha ndani. Usiku wa pili mvua ikinyesha, mama mmoja wa kaya za mwisho akashikwa na uchungu. Kwa njia ya juu hakuna gari lingemfikia, na kumzungusha kwa miguu zaidi ya kilomita moja na nusu kwenye udongo ule mweusi unaonata lilikuwa jambo la kutisha. Zahanati ilikuwa kule chini. Taa yake ilionekana juu ya ukuta.

Mumewe aligonga geti la dereva mstaafu. Mzee alitoka na tochi, akasikiliza, akarudi ndani akatoka na ngazi mbili. Moja akaiegemeza upande wake, ya pili kijana akairusha upande wa pili. Yule mama alipanda mwenyewe, polepole, kila uchungu ulipomwachia. Mzee aliishika ngazi kwa mikono miwili hadi mguu wa mwisho ulipovuka. Mtoto alizaliwa kabla ya alfajiri, salama, wa kiume.

Asubuhi nilimkuta mzee amesimama mbele ya ukuta wake. Aliniambia, "Mama Katibu, huu ukuta niliujengea wezi. Kesho njooni tuzungumze."

Mita 40 zilivyopatikana

Nadhani sehemu hii ndiyo yenye faida zaidi kwa anayetaka kufanya jambo kama hili mtaani kwake, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu.

Njia ilitakiwa kupita katikati ya viwanja vinne: viwili vya juu, viwili vya chini. Kwa upana wa mita tatu, kila mmoja alitakiwa kutoa mita moja na nusu kwa urefu wa mita 20, yaani mita za mraba 30 kila mtu. Jumla 120. Wakati wa shamba, eneo hilo lingekuwa mistari minne ya mahindi.

Dereva mstaafu alikubali. Jirani yake wa kushoto ni mjane anayeishi kwa kodi ya vyumba vitatu, na choo cha wapangaji wake kiko karibu sana na mpaka. Kumwambia abomoe choo ni kumwambia apoteze wapangaji. Tulikaa jioni nzima pale uani, na dereva mstaafu mwenyewe ndiye aliyevunja mzizi wa tatizo: alitoa mita mbili, mjane akatoa moja, choo kikabaki. Kipande cha chini, upande wa kulia, mwenye kiwanja alitoa mita yake na nusu bila maneno mengi. Ni mwalimu, na ndiye aliyekuwa akiandika majina ya wachelewaji pale shuleni.

Wa nne anaishi Dar es Salaam. Kiwanja chake kina msingi tu. Tulimpigia simu, tukamtumia picha, tukamtuma shemeji yake. Alikataa, akasema atakaporudi kujenga hatutampa tena hizo mita. Hilo nalo ni kweli. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka anayetwaliwa ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati, na kamati ya mtaa haina uwezo huo, wala sioni ofisi itakayopanga bajeti kwa ajili ya mita za mraba 30 za uchochoro. Kwa njia ndogo kama hizi kilichobaki ni makubaliano, na makubaliano yanafika pale moyo wa mtu unapofika. Kwa hiyo nusu ya juu ya njia yetu ina mita tatu, nusu ya chini ina mita moja na nusu. Bodaboda inapita. Machela inapita. Jeneza linapita, likibebwa na watu wawili mbele na wawili nyuma. Bajaji haipiti.

Gharama ilikuwa ukuta: kuvunja, kusogeza, kujenga upya mita 20. Tuliomba kila kaya shilingi 50,000. Kaya 38 zilitoa, tukapata 1,900,000, na kilichopungua alikijazia mzee mwenyewe kwa tofali zake zilizobaki. Fundi alimaliza kwa siku nne. Kwa ajili ya usalama tuliweka taa katikati ya njia, inayochukua umeme kwenye nyumba ya mzee, nasi tunachangia luku kila mwezi. Boda walipoanza kupita kwa kasi tulichimbia mawe mawili makubwa kila upande. Kuna wazazi wa njia ya juu ambao hadi leo wananilaumu kwamba watoto wao hawachezi tena katikati ya njia, nami sina jibu la kuwaridhisha.

Sasa nirudie hesabu ya miguu. Miisho miwili imefutika, imebaki mitano. Makutano ni saba yaleyale. Miguu 26 kwa vituo 12, wastani umepanda kutoka 2 hadi 2.2 hivi. Kwenye karatasi ni badiliko dogo ambalo mtu anaweza kulipita bila kuliona. Kwa miguu, mita 1,700 zimekuwa 40. Nimejifunza hapo kutoamini wastani peke yake. Ukitaka kujua kiungo kipi kinahitajika kwanza, tafuta ncha mbili zilizo karibu kwa kusikilizana redio na zilizo mbali kwa kutembea. Angalia pia penye tundu kwenye ua. Watoto wameshakufanyia utafiti.

Ramani iliyochora kilichopo

Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaruhusu eneo lililojengwa bila mpango kurasimishwa, na urasimishaji ni neema kwa watu wengi: unapata kiwanja chenye namba, bikoni, baadaye hati. Kampuni iliyotupimia ilileta vijana wenye bidii. Walichora kila ukuta mahali pake. Njia zetu nne wakazipanua kidogo kwenye mchoro, na zote nne zikakoma palepale zilipokuwa zikikoma. Nilipomwuliza kijana mpimaji kuhusu ncha zile, alinijibu kwa heshima, "Mama, sisi tunachora kilichopo."

Hapo ndipo penye kosa ninalotaka lionekane. Tunapima upana wa njia, hatupimi inakotokea. Vikao vyetu vyote vilikuwa vya upana: huyu atoe nusu mita, yule asogeze uzio. Watu waligombana hadi kuhama kanisa kwa ajili ya nusu mita kwenye njia ambayo hata ikiwa na mita kumi bado inaishia kwa mtu. Na mchoro ukishaidhinishwa, ncha ile inakuwa halali. Kilichokuwa bahati mbaya ya ndugu wawili wasiosalimiana kinapata muhuri.

Tuliwahi kwa bahati. Mtoto alizaliwa kabla mchoro haujaidhinishwa, tukapeleka maandishi ya makubaliano, na ile njia ya mita 40 ikaingizwa kama njia ya umma. Nilisisitiza iingizwe, ingawa wengine waliona inatosha kuandikiana kwa mwenyekiti. Karatasi ya mwenyekiti inamfunga aliyesaini; kiwanja kikiuzwa, mnunuzi mpya anakuja na tofali zake.

Na njia hudumu. Angalia Kariakoo: Wajerumani waliinyoosha mitaa yake kwa miraba, zikajengwa nyumba za Kiswahili za vyumba sita, nyumba zikabomolewa, maghorofa yakasimama mahali pake, na mitaa ni ileile. Nyumba zote za ekari zetu nane zitabomolewa siku moja. Ncha zilizobaki, kama hakuna atakayezigusa, zitakuwepo.

Jozi ya pili ya njia zetu bado imefungwa. Kati ya ncha zake kuna nyumba ya vyumba vinne, si uzio, na sioni namna.

Shamba la jirani

Upande wa mashariki wa eneo letu limebaki shamba moja la ekari tatu, mahindi matupu. Ni la mama mzee wa Kiarusha. Mwezi uliopita niliona vijiti vyenye vitambaa vyekundu vimechomekwa kando ya barabara ya juu, nikajua dalali amefika. Nikaenda.

"Shikamoo yeyo." Yeyo kwao ni mama.

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa."

Nilimweleza kila kitu, hata habari ya ngazi, ambayo alikwisha kuisikia. Nilimwomba kitu kimoja: kabla hajauza hata hatua moja, aache njia ya mita sita kutoka barabara ya juu hadi ya chini, moja kwa moja, na katikati yake aache nyingine inayokatiza kuelekea kwetu, itakayokutana na ile yetu. Nikamwambia wanunuzi wa ndani watatoa bei nzuri zaidi gari likiingia huku na kutokea kule. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama hizo mita sita ataendelea kuzilima mpaka nyumba zije. Nikamwambia alime, mradi zibaki kwenye mchoro.

Alimwita mjukuu wake, akamwambia aonyeshe mahali ng'ombe walipokuwa wakipita zamani. Kijana alitutangulia kati ya mahindi, na kweli, ukitazama chini, udongo pale umebonyea mstari mzima hadi barabara ya chini. Yeyo alisema mahindi yavunwe kwanza, yamebakiza wiki tatu. Masale ya kupanda pande mbili atatoa mwenyewe, anayo mengi uani. Mimi nitakuja na kamba na mwenyekiti.